Kufungua Redio Bila Kutumwa

Fundi redio ana heshima yake Buger, kama alivyo nayo katika kila kijiji cha Tanzania. Anapelekewa redio iliyonyamaza, sabufa inayokoroma, simu iliyotumbukia kwenye ndoo ya maji. Anapewa siku zake mbili na ujira wake, na hakuna anayemuuliza kwa nini anafungua mali za watu, maana ametumwa. Lakini yupo mwingine anayefungua vitu bila kutumwa na yeyote. Huyo huifungua redio nzima, inayoimba vizuri, kwa sababu anataka kuona sauti inakaa wapi. Mara nyingi ni mtoto. Tunamwita mharibifu, na siku nyingine tunamchapa. Ni juu ya huyo ninataka kutafakari hapa, kwa kuwa naamini tumemkosea kwa muda mrefu.

Buger ni kata ya Karatu, nchi ya Wairaqw, yenye mashamba ya mahindi, maharage na mbaazi, jirani na msitu wa Marang ambao siku hizi ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Manyara. Magari ya watalii waendao Ngorongoro hupita kwenye lami ya Karatu mjini, hayafiki huku. Mtu wa Buger akitaka duka lililojaa vipuri vya elektroniki huenda Arusha. Akikosa huko, kuna Kariakoo, au Luthuli Avenue ya Nairobi kwa mwenye nauli na sababu. Sasa chukua kitabu chochote cha wapenzi wa elektroniki kilichoandikwa Ulaya au Marekani. Ukurasa wa kwanza unasema: nunua rezista za aina hizi, nunua ubao wa majaribio, nunua mita. Kwa kijana wa Buger ukurasa huo wa kwanza ndio wa mwisho. Anakifunga kitabu akiamini kwamba mambo haya ni ya watu wa mbali wenye fedha.

Si kweli. Vifaa anavyo, vimejaa uvunguni na juu ya dari. Anachokosa ni ruhusa.

Tuanze na betri, maana wazee wetu walianzia hapo. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kutangaza mwaka 1951, na kufikia mwaka 1965 ilikuwa imekwisha kuwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadili choo, maji na malaria. Arusha kulikuwa na kiwanda cha Philips kilichounganisha redio, na Dar es Salaam kampuni ya Matsushita ya Japani ilitengeneza betri za National. Redio ikafika vijijini ambako umeme haukuwa hata ndoto, na ikawa inakula betri. Betri zilikuwa ghali. Basi watu wakajifunza kuzianika juani.

Msomaji aliyekulia kijijini anakumbuka zile betri kubwa zilizopangwa juu ya bati au pembeni mwa kizingiti, zikisubiri taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Wengine walicheka, wakaona ni ushirikina. Haikuwa hivyo. Ndani ya betri ile kuna zinki inayoliwa polepole na dawa iliyomo, na kemia hiyo hukimbia zaidi panapokuwa na joto. Betri iliyochoka ina chakula kidogo kilichobaki ambacho hakitoki kwa urahisi. Jua linakisukuma kitoke. Ndiyo maana pia redio za nyanda za Karatu huishiwa nguvu mapema Juni na Julai, baridi inapouma. Bibi aliyeanika betri zake alikuwa anafanya jaribio, analirudia, na analinganisha majibu ya jana na ya leo.

Wengine walikwenda mbali zaidi. Redio inayotaka betri nne mpya, kila moja volti 1.5, inataka jumla ya volti 6. Betri sita zilizochoka, zilizobaki na volti 1 kila moja, nazo zinafika 6. Basi wakazipanga sita ndani ya mwanzi au boksi gumu, wakazibana kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, wakatoa nyaya mbili hadi kwenye redio. Ikaimba. Lakini ukiongeza sauti, redio inakwaruza na kukatikakatika, kwa sababu betri iliyozeeka ina ukinzani mkubwa ndani yake yenyewe, na mzigo ukiwa mzito volti zinaporomoka. Mwanafunzi wa sekondari anaikariri kanuni hiyo hiyo katika somo la Fizikia, anachora betri na alama ya ukinzani wa ndani, anapata alama zake, na hakuna aliyemwambia kwamba bibi yake aliijua kwa masikio.

Hapo ndipo ninapoona kasoro yetu kubwa. Elektroniki imo katika mtaala wa Fizikia. Kijana anafundishwa nusukipitishi, dayodi, transista za NPN na PNP, na namna transista inavyokuza mawimbi. Anaweza kumaliza kidato cha nne bila kuishika transista hata moja mkononi, huku kila redio mbovu iliyotupwa kijijini kwake ikiwa nazo kadhaa. Ubaoni transista ni duara lenye mistari mitatu. Kwenye redio ni kidude cheusi chenye miguu mitatu, kidogo kuliko punje ya mahindi. Wawili hao hawajatambulishwa.

Upande wa pili wa mpaka, pembezoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, alikuwako mvulana wa Kimasai aliyetambulishwa mapema, tena kwa gharama. Richard Turere alisimulia katika hotuba yake ya TED mwaka 2013 kwamba aliwahi kuifungua redio mpya ya mama yake akaitawanya yote. Mama alikasirika karibu kumuua, lakini yeye siku ile alijifunza mengi. Alikuwa na kazi ya kulinda ng'ombe wa baba yake, na simba walikuwa wakiwala. Akajaribu moto, ukawasaidia simba kuona vizuri zizi. Akajaribu sanamu la kuwatishia, simba walilizoea. Usiku mmoja akitembea na tochi akabaini kwamba wanaogopa mwanga unaohama. Basi, akiwa na umri wa miaka 11 hivi, akachukua betri kuukuu ya gari, paneli ya sola ya kuichaji, taa za tochi zilizovunjika, na kile kidude cha pikipiki kinachofanya indiketa ziwake na kuzima. Akazifunga taa kuzunguka zizi zikitazama nje. Zikawaka na kuzima kwa zamu, na simba wakadhani kuna mtu anayezunguka na tochi usiku kucha.

Nimelisimulia kwa kirefu kwa sababu ya kile kidude cha indiketa. Kijana anayejua tu kwamba indiketa zinawaka na kuzima hawezi kufikiri kukitumia kidude chake kulinda ng'ombe. Anayeweza ni yule aliyewahi kukikuta ndani ya pikipiki mbovu, akakitoa, akakiunga na betri na taa bila sababu yoyote, akafurahi kuiona taa ikipepesa. Furaha hiyo ilitangulia. Simba walikuja baadaye.

Buger bodaboda zipo, na indiketa mbovu zipo. Wakulima walio jirani na hifadhi wanajua kukesha shambani mahindi yanapokomaa, kwa sababu ya tembo. Siahidi kwamba taa za kupepesa zitamzuia tembo. Tembo ni mwerevu na huzoea vitisho, naye si simba. Lakini ningependa sana kuwaona vijana wa huku wakijaribu, wakibadili rangi ya taa na mwendo wa kupepesa, wakiandika kwenye daftari ni usiku gani alipita na usiku gani aligeuka.

Sasa nieleze hazina yenyewe, maana nimesema ipo uvunguni.

Chukua balbu ya enaji seva iliyoungua, ile yenye mrija uliojipinda. Ndani ya kitako chake cha plastiki kuna kibao kidogo cha saketi. Kwenye kibao hicho kuna transista mbili, dayodi kadhaa, kapasita za aina mbalimbali, rezista, koili ya waya mwembamba wa shaba, na kipete kidogo cheusi cha ferati kilichoviringishiwa nyaya. Mara nyingi kilichokufa ni mrija, au kapasita moja. Vilivyobaki ni vizima. Chukua kiberiti cha gesi kilichokwisha, kile chenye kitochi nyuma. Kitochi hicho ni dayodi ya mwanga mweupe. Chukua redio iliyoshindikana, uchomoe transista ndogo na rezista yenye mistari ya kahawia, nyeusi na nyekundu. Kahawia ni 1, nyeusi ni 0, nyekundu inakuambia uongeze sifuri mbili: omu 1,000. Mwisho, okota betri ambayo redio imeikataa.

Kwa vitu hivyo vitano, kipete, transista, rezista, dayodi na betri iliyokufa, unaweza kuwasha taa. Na hapa pana jambo la kushangaza, kwa sababu dayodi ya mwanga mweupe inataka volti 3 hivi, na betri ile hata ilipokuwa mpya ilikuwa na 1.5. Sasa huenda ina 0.9. Inawezekanaje?

Unaviringisha nyaya mbili pamoja kwenye kipete, mizunguko 15 au 20, waya wa ile koili ukifaa kabisa baada ya kukwangua rangi yake kwenye ncha. Mwanzo wa waya mmoja unaungwa na mwisho wa mwingine, na hapo ndipo chanya ya betri inapoingia. Ncha moja iliyobaki inakwenda kwenye mguu wa transista unaopokea mkondo. Nyingine inapitia rezista hadi kwenye mguu unaoamuru. Mguu wa tatu unarudi kwenye hasi. Dayodi inakaa sambamba na transista. Umeme ukianza kupita, kipete kinajaa usumaku, na waya wa pili unaihimiza transista ifunguke zaidi. Kipete kikishiba, msukumo huo unakatika ghafla na transista inafunga. Lakini usumaku ule hauwezi kutoweka bila kutoa ulichobeba. Unautupa kama umeme wenye volti za juu kuliko za betri, na njia pekee iliyobaki ni kupitia dayodi. Dayodi inawaka. Kisha mambo yanaanza upya, mara elfu nyingi kwa sekunde, na jicho linaona mwanga uliotulia. Saketi hii ilichapishwa na Z. Kaparnik mwaka 1999 katika jarida la Uingereza la Everyday Practical Electronics, na tangu hapo imejengwa na watoto na wazee duniani kote.

Asiye na kifaa cha kuchomea risasi hutumia msumari mnene wenye mpini wa mti, uliopashwa kwenye makaa. Risasi yenyewe inakwanguliwa kutoka kwenye vibao vya zamani. Kwa saketi ya nyaya chache hata risasi si lazima. Kusokota nyaya na kuzibana kunatosha kuona mwanga wa kwanza. Nimeona watu wazima wakinyamaza mbele ya mwanga huo. Betri waliyoihesabu kuwa takataka inaendelea kuangaza.

Nisiwapumbaze wasomaji: vipo vitu visivyofunguliwa. Umeme wa ukutani ni volti 230 na haujui kwamba unajifunza. Mtoto na afanye kazi kwa betri tu. Runinga ya chogo huhifadhi maelfu ya volti kwenye kioo chake hata baada ya kuchomolewa, na hiyo ni ya fundi aliyefundishwa. Kapasita kubwa ya enaji seva nayo hubaki na chaji, basi balbu ikae siku nzima kabla ya kufunguliwa, na aifungue mtu mzima. Mrija wake una zebaki, usivunjwe. Betri ya simu iliyovimba isitobolewe kamwe. Risasi ni sumu, na mikono inaoshwa kabla ya kula. Orodha ni fupi, na mzazi anayeijua ana uwezo wa kusema ndiyo kwa mengine yote.

Karatu si mahali pasipojua teknolojia. Miaka mingi sasa shule za sekondari za wilaya hii zimepata kompyuta zinazotumia sola kupitia taasisi ya Powering Potential, iliyoanzishwa na Mmarekani Janice Lathen baada ya kuitembelea Shule ya Sekondari Banjika. Baadaye kompyuta hizo zikawa za Raspberry Pi, zinazokula wati chache tu, na kwa hiyo sola ndogo inazitosha. Nilipozisoma habari zake nilivutiwa na jambo moja. Raspberry Pi iliyotoka mwaka 2012 ilibuniwa Cambridge na akina Eben Upton, ambao waliona vijana wanaoomba kusoma kompyuta chuoni wakipungua, na wanaokuja wakiwa hawajawahi kuchokonoa chochote. Mashine za nyumbani zilikuwa zimefungwa kabisa. Hata huko, kwenye kila kitu, mtoto alikosa kitu cha kufungua.

Ndiyo maana ubavuni mwa kompyuta hiyo ndogo, matoleo ya tangu 2014, kuna pini 40 zilizoachwa wazi kwa makusudi. Unaunga dayodi na rezista kwenye pini, unaandika mistari michache ya programu, taa inapepesa. Shule yenye kifaa hicho ina maktaba na ina karakana pia. Karakana hiyo inagharimu waya, dayodi za viberiti vilivyokwisha, na mwalimu asiyeogopa.

Wapo waliopitia njia hii wakafika mbali. Bernard Kiwia, fundi baiskeli wa Arusha, alitengeneza chaja ya simu inayoendeshwa na baiskeli kwa kutumia mabaki ya redio na ya baiskeli, kisha akashiriki kuijenga Twende, karakana ambako watu wa kawaida hujibunia zana zao. Dakta Askwar Hilonga, mzaliwa wa Gongali hapa hapa Karatu, alibuni chujio la maji akiwa Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha, na mwaka 2015 akawa wa kwanza kutwaa Tuzo ya Afrika ya ubunifu wa kihandisi ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Watoto wa Buger wayajue majina haya.

Lakini hapa nina neno ambalo huenda lisiwapendeze wote. Tangu mwaka 2019 tuna MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, na kabla yake yalikuwapo mengine ya wanafunzi. Nayaheshimu, na yameibua vipaji. Ila swali linaloulizwa daima mbele ya meza ya mbunifu ni lile lile: hiki kinatatua changamoto gani ya jamii? Kwa mtafiti ni swali la haki. Kwa mtoto wa darasa la tano aliyefanikiwa kuiwasha taa kwa betri iliyokufa, swali hilo linamwambia kwamba furaha yake haitoshi. Hajui jibu, basi anatunga. Anasema taa yake itawasaidia wajawazito vijijini. Tumemfundisha kusema uongo mdogo mzuri kabla hajafundishwa kupima volti.

Hatumuulizi mzee anayecheza bao jioni chini ya mti kwamba bao linatatua nini. Tunajua akili inapumzika hapo na inanoleka hapo. Kwa nini mkulima aliyemaliza kuvuna asikae na kibao cha saketi kwa raha zake? Kwa nini mama asiweze kupenda kuunga redio kama anavyopenda kufuma? Mchezo huu hauhitaji kuombewa msamaha kwa faida zake. Ukizaa mvumbuzi, heri. Usipozaa, utakuwa umemfanya mtu asiogope kitu kilichomo ndani ya nyumba yake, na hilo ni kubwa kuliko tunavyolipima, katika nchi ambayo karibu kila kifaa kinaletwa kikiwa kimefungwa.

Mnunuzi wa skrepa atapita tena wiki hii au ijayo, na mizani yake na gunia lake. Atanunua kwa kilo redio, tochi, chaja na simu zilizokufa, na atakacholipa hakitatosha chumvi ya mwezi. Mzazi wa Buger, wa Endabash, wa popote unaposoma hapa, zuia kimoja tu. Ondoa betri, hakikisha hakijachomekwa popote, kiweke mezani pamoja na bisibisi, mwite mtoto wa kike au wa kiume, na umwambie ni chake. Mwalimu wa Fizikia, weka boksi moja nyuma ya darasa na uwaombe wanafunzi walete vya kwao. Na wewe fundi, mtoto akisimama mlangoni akiangalia mikono yako kwa muda mrefu, usimfukuze. Mpe stuli.